Tarehe ya Klarineti na Piano

Katika vituo vya sanaa vya vyuo vikuu, huko Marekani na Ulaya, jioni ya klarineti na piano aghalabu hutanguliwa na karatasi moja iliyokunjwa kati, ambayo hukabidhiwa kila aingiaye mlangoni. Na juu ya karatasi hiyo majina hupangwa kwa daraja iliyozoeleka hata hapana aishangaaye: Brahms, Debussy, Poulenc na wenzao kwa herufi nene, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa, na mahali pengine, kwa herufi nyembamba, wale wawili ambao usiku ule watapuliza na kupiga. Daraja hiyo ina adabu yake, walakini kwa upande wa klarineti haina insafu. Mtunzi wa muziki wa piano aweza kujitosheleza, maana mara nyingi yeye mwenyewe ndiye mpigaji. Bali watunzi waliotukuza klarineti karibu wote walikuwa watu wasiojua kuipuliza, walioisikia kinywani mwa mtu mwingine, wakanaswa na pumzi ya mtu huyo, kisha wakaandika kwa kuifuata. Anayetaka kuijua tarehe ya muziki huu hana budi kuwatafuta wapulizaji kwanza, na watunzi baadaye.

Ala zote mbili ni za rika moja. Mnamo mwaka 1700, katika mji wa Firenze nchini Italia, orodha ya mali ya jamaa ya Medici ilitaja kinanda cha namna mpya kilichotengenezwa na Bartolomeo Cristofori, ambacho nyuzi zake hazikukwanyuliwa kama za vinanda vya zamani, bali ziligongwa kwa vinyundo vidogo, hata mpigaji akaweza kutoa sauti ndogo au kubwa kwa kadiri ya nguvu ya kidole chake. Katika miaka iyo hiyo, ng'ambo ya milima, katika mji wa Nuremberg, fundi Johann Christoph Denner alikuwa akiitengeneza upya filimbi moja ya kienyeji yenye ulimi mmoja wa tete, iliyokuwa na sauti nzuri lakini chache. Akaitia kibonyezo cha kufungua tundu dogo karibu na kinywa, na tundu hilo likaifanya ala ile ile iruke kutoka sauti za chini hadi sauti za juu zilizokuwa kali mithili ya tarumbeta. Msomaji wa pwani anayeijua zumari atatambua tofauti upesi: zumari hulia kwa ndimi mbili zinazogusana, na klarineti hulia kwa ulimi mmoja unaopigapiga juu ya kinywa chake, na kwa sababu ya bomba lake lililo sawa tangu juu hata karibu na mwisho, klarineti ikipulizwa kwa nguvu hairuki sauti nane kama filimbi nyingine, bali kumi na mbili. Ndiyo maana ina sauti tatu katika mwili mmoja, ya chini iliyo nzito na yenye kiza, ya kati iliyo dhaifu kidogo, na ya juu ing'aayo. Na ndiyo maana pia vidole vya mwanafunzi wake huteseka.

Kwa takriban miaka 80 ala hizi mbili ziliishi mbalimbali. Klarineti ilikuwa ya majeshi na ya okestra za makasri, na piano ilikuwa ya vyumba vya wenye nafasi. Kinanda cha kale cha nyuzi za kukwanyuliwa kilikuwa bado na ufalme wake, na pumzi kubwa ya klarineti ingalikifunika. Aliyezikutanisha kwa namna ya kukumbukwa alikuwa Mozart, naye hakuzikutanisha kwa nadharia bali kwa sababu ya rafiki. Anton Stadler, mpulizaji wa okestra ya Kaisari huko Vienna, alikuwa bingwa wa sauti za chini ambazo wengine walizidharau. Alipenda kuteremka kiasi cha kwamba alitumia klarineti ndefu kuliko kawaida, iliyotengenezwa na fundi Theodor Lotz ili ifikie sauti ambazo nyingine hazikuzifikia. Mwaka 1786 Mozart aliandika muziki wa watu watatu, klarineti, fidla nene (viola) na piano, na alipokwisha kuuandika waliupiga wenyewe nyumbani kwa jamaa ya Jacquin: Stadler kwenye klarineti, Mozart kwenye fidla nene, na kwenye piano binti wa nyumba ile, Franziska, aliyekuwa mwanafunzi wa Mozart. Katika muziki ule piano haimfuati mpulizaji nyuma kama mtumishi abebaye mwavuli. Husema, husikiliza, na hukatiza maneno. Mwaka 1789 ukafuata ule wa klarineti na nyuzi nne, na mwaka 1791, majuma machache kabla ya mauti ya mtunzi, ule mkubwa wa klarineti na okestra.

Stadler hakuwa mtu wa kutolewa mfano kwa vijana. Mozart alipofariki, Stadler alikuwa akidaiwa naye florini 500, na ile hati ya asili ya muziki mkubwa wa mwaka 1791 haijaonekana mpaka leo. Constanze, mjane wa Mozart, alimwandikia mchapishaji mwaka 1800 kwamba Stadler alidai begi lake liliibwa huko Ujerumani, ilhali wengine walisema begi lile liliwekwa rehani. Matokeo yake ni kwamba muziki ule ulichapishwa katika sura iliyobadilishwa ili upulizwe kwa klarineti ya kawaida, na sauti za chini kabisa, zile zile alizozipenda Stadler, zikapandishwa juu. Mafundi na wanazuoni wa karne ya 20 walitumia miaka kuzirudisha kwa kukisia. Binafsi siwezi kumchukia mtu huyu. Pasipo yeye, muziki wenyewe usingalikuwapo wa kupotezwa.

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha Heinrich Baermann, mpulizaji wa kasri la Munich, mtu mwenye sura ya kupendeza na sauti laini, ambaye Carl Maria von Weber alikutana naye mwaka 1811. Katika mwaka huo mmoja Weber alimwandikia vipande vitatu vya klarineti na okestra. Kisha wakasafiri pamoja wakifanya matamasha, na mwishoni mwa mwaka huo huo, walipokuwa Prague, Weber akaandika vipande vya mageuzo vya klarineti na piano ili wavipige wao wawili. Baadaye aliandika ile Duo kubwa, kazi ya kwanza, kwa maoni yangu, ambayo mpiga piano akiilegeza hata kidogo inaanguka yote. Vidole vyake vina kazi nzito kuliko vya mpulizaji, na haki hiyo Weber alijipa mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akae kwenye piano. Mendelssohn naye alimwandikia Baermann na mwanawe Carl vipande viwili, kwa malipo yasiyo ya kawaida: siku moja mwishoni mwa mwaka 1832, mjini Berlin, baba na mwana walijifunga aproni wakaingia jikoni kumpikia mtunzi maandazi ya mvuke na keki ya kukunjwa yenye malai, vyakula vya kwao Bavaria, naye akakaa kuandika muziki wakati chakula kinapikwa.

Klarineti yenyewe ilikuwa ikibadilika mikononi mwa mafundi. Iwan Müller alipeleka mbele ya Konsevatwa ya Paris, chuo cha muziki, mwaka 1812 klarineti yenye vibonyezo 13 iwezayo, kama alivyodai, kupiga kila ufunguo wa muziki, na majaji wakaikataa. Miaka 27 baadaye, mwaka 1839, mwalimu Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walionyesha mpango mwingine wa matundu na pete, na huo ndio uliotawala Ufaransa, kisha Uingereza na Marekani. Wajerumani walibaki na mpango wao, na mpaka leo klarineti za Berlin na Vienna si sawa na za Paris.

Hapa ndipo hadithi hii, inayoonekana kuwa ya mbali, inapofika nyumbani kwetu, tena kwa njia isiyo ya sifa tupu. Katika karne ya 19 piano iliacha kuwa kitu cha makabaila ikawa fanicha ya kila nyumba ya wastani huko Ulaya na Marekani, na vibao vyake vyeupe vilifunikwa kwa tabaka nyembamba ya pembe ya ndovu. Pembe ya Afrika ya Mashariki ilipendwa kuliko nyingine kwa kuwa ni laini, haipasuki upesi na hupokea msumeno vizuri. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akawa konseli wao wa kwanza Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba ambazo bara nzima ilizijua kwa jina la merikani, zikaondoka na pembe, gundi na ngozi. Katika forodha ya Unguja pembe zilipimwa kwa frasila na kuchambuliwa kwa aina. Zile kubwa na laini ziliitwa bab Ulaya, kwa kuwa soko lake lilikuwa la Ulaya na Marekani, nyingine zikaenda Kachi kuwa bangili, na ndogo zikaitwa kalasha. Kijana mmoja wa Marekani, George Cheney, alikaa Unguja kama wakala wa biashara, kisha akarudi kwao Connecticut akashirikiana na Samuel Comstock katika kiwanda cha kukata pembe; kitongoji chao kikaitwa Ivoryton, na katika mji wa jirani wa Deep River kulikuwa na kiwanda kingine kikubwa, cha Pratt, Read na wenzao. Huko pembe zilikatwa vipande vyembamba vikapangwa katika vibanda virefu vya vioo vilivyoelekezwa kusini, vikaanikwa juani kwa majuma mengi mpaka vikawa vyeupe.

Kabla ya kufika kwenye vioo vile, pembe hizo zilikuwa zimekwisha kwenda safari kubwa kuliko ya bahari. Zilitoka Manyema, Ujiji na Unyanyembe, zikateremka hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa na ufundi, desturi na mishahara yao, wengine watumwa wasio na mshahara wala hiari. Wanahistoria wa zamani walipenda kusema kwamba kila pembe ililetwa na mtumwa. Wa siku hizi wamesahihisha, na wamefanya vyema, kwa kuwa kumfanya kila mpagazi kuwa mtumwa ni kumnyang'anya Mnyamwezi kazi yake kwa mara ya pili. Hata hivyo vita vilivyopiganwa Manyema kwa ajili ya pembe vilikuwa vita kweli, na vijiji vilivyochomwa vilichomwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, ameyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na anayesoma habari zake ataona jinsi anavyohesabu frasila na mapigano kwa sauti ile ile moja, ya mfanyabiashara anayesoma daftari lake. Alifariki Unguja mwaka 1905. Vibao vya pembe viliendelea kutengenezwa Marekani hata katikati ya karne ya 20, ndipo plastiki ilipochukua nafasi yake.

Nasema haya si kwa kuhukumu muziki. Wale waliopiga piano sebuleni mwao Dresden au Boston hawakuulizwa pembe ilitoka wapi, na wengi wangaliona haya kama wangaliambiwa. Robert Schumann, alipokuwa akiishi Dresden, aliandika katika Februari 1849 vipande vitatu vya klarineti na piano kwa siku chache tu, vyenye kufuatana bila kupumua, na alivikusudia kwa ajili ya nyumba na wala si kwa ukumbi: kwa watu wanaojuana, jioni, baada ya chakula. Muziki wa wawili ulikuwa bado ni tafrija ya jamaa na marafiki. Matamasha ya hadhara ya wakati huo yalikuwa mchanganyiko mkubwa, simfonia ikikatizwa na wimbo, wimbo ukifuatwa na mchezo wa fidla, na mpulizaji wa klarineti akipewa dakika zake kumi za kuonyesha wepesi wa vidole. Ni Franz Liszt, mpiga piano, aliyethubutu karibu na mwaka 1840 kukaa jukwaani peke yake usiku mzima, na kwa kufanya hivyo akawafungulia njia wengine, ijapokuwa wapulizaji walichelewa sana kuipita.

Sasa nifike kwa Brahms, ambaye kwake ningependa kukaa. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 57, Johannes Brahms alimaliza kazi ya nyuzi tano akadhani imetosha. Alimjulisha mchapishaji wake kwamba huenda wakati wa kuacha umefika, na akaanza kuzichoma na kuzitupa karatasi za kazi alizoona hazitakamilika. Mwezi wa Machi 1891 alikwenda Meiningen, mji mdogo wa Ujerumani uliotawaliwa na Mtukufu Georg wa Pili, ambaye badala ya jeshi alijivunia ukumbi wa tamthilia na okestra. Okestra hiyo ilikuwa imefunzwa na Hans von Bülow katika miaka ya 1880 kwa ukali wa ajabu, hata wanamuziki wake waliweza kupiga simfonia nzima bila karatasi. Katika safu ya wapulizaji alikuwamo Richard Mühlfeld, aliyeingia kazini mwaka 1873 kama mpiga fidla, kisha akajifunza klarineti mwenyewe, bila mwalimu wa kutajika, na katika miaka michache akawa mpulizaji wa kwanza. Nadhani asili yake ya fidla ndiyo siri. Wasikilizaji wa wakati wake walisema aliitikisa sauti kidogo kama mpiga nyuzi, na alivuta sentensi ndefu bila kuonyesha mahali alipopumua.

Brahms alimsikia, akamwomba ampulizie peke yake, akakaa naye saa nyingi akiuliza habari za ala. Alimwandikia Clara Schumann, mjane wa Robert, kwamba hakuna awezaye kupuliza klarineti kwa uzuri kumshinda Mühlfeld. Katika kiangazi cha mwaka huo, huko Ischl milimani Austria alikozoea kupumzika, aliandika kazi mbili, ya watu watatu na ya watu watano, na zote mbili zikasikiwa Meiningen na Berlin kabla ya mwaka kwisha. Alimwita Mühlfeld kwa utani bibi yake Klarineti, na mwimbaji wake mkuu wa kike. Mzee huyu mwenye ndevu nyeupe, aliyewatisha wengi kwa ukali wa ulimi, alimfanyia mpulizaji mizaha ya kirafiki.

Miaka mitatu baadaye, katika kiangazi cha 1894, Brahms aliandika sonata mbili za klarineti na piano, na hizo ndizo nguzo ambazo jioni zote za ala hizi mbili zimejengwa juu yake tangu wakati huo. Zilisikiwa kwanza faraghani, mbele ya jamaa ya Mtukufu huko Berchtesgaden katika mwezi wa Septemba. Kisha mwezi wa Novemba nyumbani kwa Clara Schumann, Frankfurt, ambako mwanamke huyo mwenye miaka 75, aliyekuwa amekwisha kuwa kiziwi nusu, alikaa karibu na piano kuzisikiliza. Na mwanzoni mwa mwaka 1895 hadharani mjini Vienna. Kila mara Mühlfeld alipuliza na Brahms alipiga. Katika sonata ya kwanza, ile yenye huzuni, piano inaanza peke yake, vidole vikitembea pamoja katika sauti moja bila mapambo, na klarineti inaingia kana kwamba imekuwako chumbani tangu mwanzo. Katika ya pili klarineti yenyewe ndiyo inayofungua, kwa wimbo ulio mtulivu hata mwanafunzi huudhania rahisi mpaka ajaribu kuupuliza. Hakuna mahali pa kujionyesha. Clara alifariki mwaka 1896, Brahms mwaka 1897, na Mühlfeld mwaka 1907. Sonata zile hazikufuatwa na kazi nyingine ya ala mbili hizi kutoka kwa mkono wa Brahms.

Jambo moja dogo hupitwa na wengi. Klarineti ambazo Mühlfeld alipulizia kazi hizi zilitengenezwa na fundi Ottensteiner wa Munich kwa mti wa manjano wa Ulaya, ule uliotumiwa na mafundi tangu siku za Denner, na zimehifadhiwa Meiningen. Ni mti mzuri wa sauti ya upole, lakini hunyonya unyevu wa pumzi na kupindika. Katika miaka iyo hiyo mafundi wa Paris walikuwa wakiuacha na kuchukua mti mwingine, mweusi, mzito hata kuzama majini, unaostahimili unyevu na kukubali skrubu ndogo bila kupasuka. Mti huo ni mpingo wetu. Kwa hiyo sonata za Brahms tunazozisikia leo, karibu zote, hupulizwa kwa mti ambao Brahms mwenyewe hakuusikia kinywani mwa Mühlfeld, na sauti yake imekuwa nyembamba zaidi na yenye kung'aa zaidi kuliko ile iliyompendeza mzee.

Ufaransa ilikuwa na njia yake, nayo haikuwa ya urafiki bali ya mtihani. Konsevatwa ya Paris kila mwaka ilimwomba mtunzi kipande kipya ambacho wanafunzi wote wa darasa moja wangekipiga mbele ya majaji, wakigombea tuzo. Nyingi za kazi hizo ni za kusahauliwa. Mwaka 1910 zamu ilimwangukia Claude Debussy, aliyekuwa ameingia baraza la chuo kile mwaka uliotangulia, akaandika rapsodi ya klarineti na piano, akaitunukia mwalimu wa darasa, Prosper Mimart. Debussy mwenyewe alikaa miongoni mwa majaji, akawasikia wanafunzi mmoja baada ya mwingine wakipuliza muziki ule ule, adhabu ambayo wachache wangeistahimili. Na katika barua yake kwa mchapishaji alimtaja kijana mmoja, Vandercruyssen, aliyeipiga kwa moyo bila karatasi. Miaka kumi na moja baadaye Camille Saint-Saëns, akiwa na miaka 85, katika mwaka wake wa mwisho, aliandika sonata moja kwa ajili ya mwalimu mwingine wa chuo hicho, Auguste Périer. Ni muziki wa mzee asiye na haja ya kumpendeza mtu yeyote, na sehemu yake ya tatu, inayotambaa chini kabisa kisha ikarudiwa juu kabisa, ni kaburi lenye mlango wazi.

Vienna ilikwenda mbali zaidi. Alban Berg aliandika mwaka 1913 vipande vinne vya klarineti na piano vilivyo vifupi sana, na vilipopigwa hadharani mwaka 1919 hadhara yenyewe ilikuwa ya namna ya pekee: chama cha Arnold Schoenberg cha maonyesho ya faragha, ambacho wanachama wake walikatazwa kupiga makofi wala kuzomea, na hawakuambiwa mapema ni kazi gani itakayopigwa. Naona katika chama hicho ule ukumbi wa chuo kikuu tunaoujua leo ukianza kuonekana, yaani mahali ambapo muziki wa watu wachache hulindwa dhidi ya soko, na pia, tukisema kweli, hukingwa dhidi ya furaha yake.

Huko Marekani kulikuwa na mtu aliyekwenda kinyume. Benny Goodman, mzaliwa wa Chicago mwaka 1909, alikwisha kuwa mfalme wa jazi na tajiri wa kujitosha alipoanza kuwaagiza watunzi wamwandikie muziki. Aliwaagiza Bartók, Copland na Hindemith, akalipa kwa fedha yake. Zaidi ya hayo, akiwa na umri wa miaka 40, umri ambao mabingwa hawapendi kufundishwa, alikwenda kwa Mwingereza Reginald Kell akajifunza upya namna ya kushika kinywa cha klarineti midomoni. Agizo lake kwa Francis Poulenc lilizaa sonata ya mwaka 1962, iliyowekwa kwa ukumbusho wa rafiki wa mtunzi, Arthur Honegger. Ilikusudiwa Poulenc mwenyewe akae kwenye piano. Akafariki mjini Paris mwezi wa Januari 1963. Tarehe 10 Aprili, katika Carnegie Hall, nafasi yake ilichukuliwa na Leonard Bernstein, ambaye miaka 21 nyuma, mjini Boston, alikuwa kijana wa miaka 23 akiandamana na David Glazer katika sonata ya klarineti na piano aliyoitunga yeye, kazi yake ya kwanza kuchapishwa.

Lakini Goodman mmoja hawezi kuendesha desturi. Iliyoiendesha ni shule. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vikuu vya Marekani vilipanuka mno, na katika miaka ya 1960 vilianza kujenga vituo vya sanaa vyenye kumbi kadhaa chini ya paa moja: kile cha Dartmouth, kilichochorwa na Wallace Harrison, kilifunguliwa mwaka 1962, na kile cha Krannert katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1969. Sababu zake hazikuwa za muziki peke yake. Kulikuwa na fedha za wafadhili, na wanafunzi wengi, na fahari ya kushindana na miji mikubwa. Walakini klarineti na piano zilifaidika kuliko ala nyingi. Wawili hawana nguvu ya kujaza ukumbi wa kibiashara wala kulipa kodi yake. Chuoni mpulizaji ni mwalimu mwenye mshahara, mpiga piano ni mwenzake wa idara, ukumbi ni wa bure, na mlango huachwa wazi kwa yeyote. Hata mwanafunzi, kabla hajapewa shahada yake ya upulizaji, hulazimika kutoa jioni nzima ya namna hiyo, na kwa hiyo sonata za Brahms, zilizoandikwa kwa pumzi ya mtu mmoja tu, sasa kila mwaka hupitia katika mapafu ya mamia ya vijana walio na miaka 22, wakitokwa na jasho mbele ya wazazi na majaji. Baadhi yao huzipuliza vizuri ajabu.

Mti wanaoushika unatoka katika misitu mikavu ya Tanzania na Msumbiji. Mpingo hukua polepole, huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa, mara nyingi shina lake limepinda au lina mashimo, na sehemu kubwa ya gogo hutupwa kabla ya kupatikana kipande kimoja kinyoofu kisicho na ufa, ambacho nacho kitakaushwa kwa muda mrefu ndipo kitobolewe. Miti ya jamii yake iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 2017, na kwa muda klarineti zilizouzwa nje ya mipaka ya nchi zilihitaji vibali, mpaka ala zilizokwisha tengenezwa zilipoondolewa katika amri ile mwishoni mwa mwaka 2019. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi ndivyo vilivyotangulia barani Afrika, mwaka 2009, kupata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu ya asili inayomilikiwa na wanakijiji. Wanakijiji huihesabu mipingo yao, huiwekea alama, huamua ipi ikatwe mwaka huu na ipi isubiri, na fedha ya magogo huingia katika mfuko wa kijiji, si katika mkono wa mpita njia mwenye msumeno.